Dhahabu ya Chini ya Boneti

Ukifunua boneti ya nyuma ya McLaren F1, kitu cha kwanza kukurudishia mwanga usoni ni dhahabu. Ni dhahabu halisi, iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi na kubandikwa kuzunguka chumba cha injini. Gari hili lilizinduliwa mwaka 1992, yakaundwa 106 tu, na aliyelibuni, Gordon Murray, alikuwa na ugomvi na kila gramu isiyo na kazi. Dhahabu aliiweka kwa kuwa injini ya BMW ya silinda 12 ilikaa imebanwa ndani ya bodi ya nyuzi za kaboni, na resini inayoshikilia nyuzi hizo haivumilii joto kali. Vitu vinavyorudisha miali ya joto vizuri kama dhahabu ni vichache, na gramu chache tu zinatosha kazi hiyo.

Mwenye gari haioni anapoendesha. Anayepishana naye barabarani haioni kabisa. Mapenzi yangu kwa magari haya yanaanzia hapo, kwenye dhahabu iliyowekwa mahali ambapo haiwezi kumsaidia mtu kuringa.

Maana iko dhahabu ya namna nyingine, na hiyo kila mtu ameiona. Gari la bei mbaya linanunuliwa, linafunikwa kwa karatasi ya rangi ya dhahabu au vijiwe vya kumetameta kuanzia bampa hadi bampa, kisha linaegeshwa mbele ya hoteli likapigwe picha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina chuki na mwenye nacho, pesa ni yake. Ila gari lile halijaongezewa chochote na fundi. Limevalishwa tu, na kesho litavuliwa.

Nimeyafuatilia kwa miaka mingi magari ya spoti yaliyoundwa kwa oda ya mtu mmoja au ya watu wachache, na kadiri ninavyoyafuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba yale yanayobaki mazuri kizazi hadi kizazi ni yale ambayo uzuri wake ulianza kama tatizo la fundi. Madini yalikataa kulehemiwa. Bati liligoma kukunjika. Fremu ilikuwa juu mno ubavuni, mlango wa kawaida usingeweza kufunguka, na hivyo ndivyo Mercedes 300 SL ya mwaka 1954 ilivyopata milango yake inayoinuka kuelekea juu: fremu ya vyuma vya bomba ilipita pale ambapo mlango ungekaa. Fundi alitafuta njia ya kupita, na njia ile ndiyo sisi leo tunasimama kuishangaa.

Zamani, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, utaratibu wa kununua gari la kifahari ulikuwa tofauti na wa leo. Kampuni ilikuuzia chesisi: fremu, injini, gia, magurudumu na usukani. Bodi ulikwenda kuichagulia fundi wako mwenyewe. Paris walikuwepo Figoni et Falaschi, waliolivisha chesisi la Talbot-Lago T150-C SS bodi ya umbo la tone la maji mnamo 1937. Milan walikuwepo Zagato, karakana iliyoanzishwa mwaka 1919 na Ugo Zagato, mtu aliyejifunzia kazi kwenye ndege, na Touring, walioanza mwaka 1926. Mteja alikaa na mchoraji, wakabishana, wakakubaliana, kisha nyundo zikaanza kulia. Magari mawili yenye chesisi moja na injini moja yangeweza kutoka hayafanani hata kidogo.

Katika hayo yote, lipo moja ambalo nikiliona pichani lazima nisimame kwanza.

André Dubonnet alikuwa rubani wa kivita wa Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mtoto wa familia iliyotajirika kwa kinywaji chenye jina lao. Mwaka 1924 alitaka kushindana Targa Florio, mbio za barabara za milimani kule Sicily, akiwa na chesisi la Hispano-Suiza H6C lenye injini ya takribani lita 8. Chesisi lenyewe lilikuwa zito. Alihitaji bodi nyepesi kupita kiasi, na badala ya kwenda kwa mafundi wa magari alikwenda kwa watengeneza ndege, kampuni ya Nieuport. Wao walifanya walichokijua. Walisimamisha mbavu za mbao, wakazifunika kwa vipande virefu vyembamba vya mbao vilivyolazwa kimoja kando ya kingine kuanzia mbele hadi kwenye mkia uliochongoka, kisha wakavikaza kwa maelfu ya ribiti ndogo, yaani pini fupi za madini zinazopondwa ncha ili zisichomoke. Baada ya hapo wakaipiga msasa na kuipaka vanishi.

Itazame kwa karibu. Kila ribiti ni kidoti kinachong'aa juu ya mbao nyekundu ya kahawia, na vidoti vinafuatana kwa mistari isiyoyumba, vikizunguka mapaja ya bodi na kubanana pale mkia unapokwisha. Hakuna aliyekaa chini akachora vidoti vile ili gari lipendeze. Kila kimoja kipo kwa sababu kipande cha mbao kinachopindishwa kwenye mviringo hujaribu kurudi kilivyokuwa, kwa hiyo lazima kishikwe, na pale mviringo unapokaza lazima kishikwe mara nyingi zaidi. Macho yako yanafuata mistari ya ribiti bila kujua kwamba yanasoma nguvu za ndani ya mbao.

Dubonnet alimaliza wa sita. Baadaye gari likawekewa madigadi na taa, akalitumia barabarani kama usafiri wake. Mnamo 2022 liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 9, bei ambayo kwangu haielezi lolote. Ninachokiona cha ajabu ni kwamba ubao uliotengenezwa uvumilie mbio moja tu umefika karne ya pili.

Mbao, hata hivyo, ilikuwa njia ya pembeni. Njia kuu ya bodi hizi ilikuwa aluminiamu, na kazi ya aluminiamu inastahili niikalie, kwa kuwa nadhani ndiyo isiyoeleweka zaidi na wanaolipia.

Bati la aluminiamu la unene wa milimita moja na kitu hivi linafika karakanani likiwa bapa na likiwa kaidi. Ukilipiga nyundo linatii kidogo, halafu linaanza kugoma, kwa sababu kila pigo hulifanya liwe gumu zaidi. Ukiendelea kulilazimisha linapasuka. Kwa hiyo fundi hulilainisha kwa moto, na hapa ndipo ugumu ulipo: chuma kikikaribia kuyeyuka hukuonya kwa kuwa chekundu, aluminiamu haikuonyi. Inabaki na rangi yake ileile mpaka nyuzi joto 660, kisha inaanguka chini na kazi yako ya siku nzima inaondoka nayo.

Mafundi walipata dawa. Fundi huwasha mtungi wa asetilini kwa moto wenye gesi nyingi na hewa kidogo, moto wa njano unaotoa moshi mweusi, akalipaka bati lote masizi hadi liwe jeusi tititi. Kisha anaongeza oksijeni, moto unakuwa wa bluu, anaupitisha juu ya bati polepole bila kuusimamisha mahali pamoja. Masizi yanaanza kufifia. Yakishatoweka sehemu fulani, sehemu hiyo imefika joto linalotakiwa, wala haijafika la kuyeyuka. Anasogea. Bati likimalizika kusafika, anazima moto, analiacha lipoe, na sasa linakunjika kwa mkono. Kipimajoto chake ni uchafu. Sijui ufundi mwingine wenye akili nyepesi na safi kiasi hicho.

Baada ya hapo bati hulazwa juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, likapigwa kwa nyundo ya mbao yenye kichwa cha mviringo hadi litumbuke kama bakuli lenye mikunjo mibaya. Anayepita muda huo atadhani limeharibika. Kisha linapelekwa kwenye mashine ya magurudumu mawili, moja juu lililo bapa na moja chini lenye mgongo, likapitishwa katikati yake mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila mpito ukifuta alama za nyundo na kulitanua kwa kiasi kisichoonekana. Mashine hiyo haina mota wala kompyuta. Mikono ya fundi ndiyo inayoamua ni sehemu gani ikanyagwe mara tatu na ipi mara kumi, na jibu lake analipata kwa kulirudisha bati kwenye kiunzi cha mbao chenye umbo la gari na kutazama mwanga unapenya wapi.

Jicho peke yake halitoshi. Fundi huvaa glovu nyembamba ya pamba na kulipapasa bati kwa kiganja kizima, kwa sababu glovu huteleza na kuacha kiganja kisikie umbo tu bila ukavu wa madini. Akihisi kilima anapitisha tupa bapa: palipoinuka panang'arishwa na tupa, palipobonyea panabaki na rangi yake. Hapo anajua apige wapi. Lehemu inafuata, halafu tupa tena, halafu kiganja tena. Bodi nzima ya gari la viti viwili inameza mamia ya saa namna hii, kisha inapigwa rangi na hakuna anayeona hata saa moja kati ya hizo.

Wa Touring, kwa kuwataja tu, waliongeza busara yao: mwaka 1936 walipata hataza ya mfumo walioupa jina la Superleggera, bomba nyembamba za chuma zilizolehemiwa kuwa kiunzi cha gari na kufunikwa na aluminiamu. Aston Martin DB4 ya mwaka 1958 ilijengwa kwa mfumo huo.

Sasa nifike kwa Jean Bugatti na mshono.

Bugatti ilikuwa nyumba ya wasanii kabla ya kuwa kampuni. Carlo, babu, alikuwa mtengeneza samani mashuhuri. Rembrandt, mwanawe mmoja, alikuwa mchongaji wa wanyama. Ettore, mwanawe mwingine, ndiye aliyeanzisha kiwanda cha magari Molsheim, mji ambao leo uko Ufaransa, mwaka 1909. Jean, mtoto wa Ettore, mwaka 1935 alipeleka kwenye maonyesho ya Paris gari la mfano lililoitwa Aérolithe. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba bodi yake iliundwa kwa Elektron, mchanganyiko wa madini ambao sehemu yake kubwa ni magnesi: nyepesi kuliko aluminiamu, lakini ukiisogezea moto wa kulehemu inaweza kushika moto ikawaka kwa mwanga mweupe usiozimika kwa maji. Basi nusu mbili za bodi zisingeweza kuunganishwa kwa moto. Kingo zake zikainuliwa, zikakutanishwa katikati ya gari kutoka puani hadi mkiani, zikapigwa ribiti kwa nje. Gari likapata uti wa mgongo.

Magari ya wateja yaliyofuata, Type 57 SC Atlantic, yalitengenezwa manne tu. Hayo yalikuwa ya aluminiamu, na aluminiamu inalehemika vizuri. Mshono haukuhitajika tena. Jean Bugatti akaubakiza palepale.

Hapa imani yangu niliyoitaja mwanzoni inapata mtihani. Kama uzuri wa kweli ni ule unaotokana na tatizo la fundi, basi mshono wa Atlantic ni mapambo, kwa sababu tatizo lenyewe lilikuwa limekwisha. Nimelifikiria jambo hili sana na jibu langu ni kwamba mshono unastahili kukaa pale. Mtu aliyekwisha kuona kingo zile zikikutana katikati ya kioo cha mbele alijua kwamba bila hizo gari lingekuwa na mgongo wa kawaida. Tatizo lilimwonyesha umbo ambalo asingelifikia kwa kuchora. Kulibakiza tatizo lilipoondoka ni haki yake aliyeliona kwanza. Lakini haki hiyo haimwendei kila anayekuja baadaye na kunakili. Tazama Bugatti Chiron ya mwaka 2016: mstari mwembamba unakatiza katikati ya gari kama heshima kwa Atlantic, wala hakuna vipande viwili vinavyokutana chini yake. Mimi mstari ule naupenda kidogo tu.

Moja ya zile Atlantic nne, gari jeusi alilokuwa akilitumia Jean mwenyewe, lilipotea wakati wa vita na halijaonekana tena. Mwaka 2019 kampuni ilionyesha Geneva gari moja lililoundwa kwa kumbukumbu yake, La Voiture Noire, kwa yuro milioni 11 kabla ya kodi. Magazeti yaliandika bei. Kilichonivutia mimi ni bodi yake ya kaboni, na uso wake wa mbele uliofanywa uonekane kama kipande kimoja kisicho na kiungo, jambo gumu kuliko linavyosikika kwa sababu kila kiungo ni mahali pa kuficha makosa.

Na ile Aérolithe? Ilinyofolewa au ilitoweka vipi, hakuna anayeweza kusema kwa hakika. Lakini karakana ya Ontario, Canada, The Guild of Automotive Restorers, iliamua kuiunda upya juu ya chesisi halisi la Bugatti la miaka hiyo, ikifuata picha chache za zamani, na ikaamua kutumia magnesi. Hiyo ndiyo iliyowagharimu. Magnesi ikiwa baridi haikunjiki, inapasuka. Lazima ipashwe moto na kupigwa ikiwa bado na joto, ikipoa ipashwe tena. Mafundi wa leo, wenye vifaa vyote, walilazimika kujifunza upya hatua kwa hatua walichokuwa wanakijua watu wa Molsheim.

Miaka ya baada ya vita, Modena, Sergio Scaglietti alikuwa akiivisha Ferrari. Ferrari 250 GTO, 36 zilizotengenezwa kati ya 1962 na 1964, zilitoka mikononi mwa watu wake wakipiga aluminiamu kwa nyundo na kuilinganisha na umbo la waya. Ukipima upande wa kulia na wa kushoto wa gari moja unakuta haulingani sawasawa. Ukilinganisha gari moja na jingine, vivyo hivyo. Leo zinauzwa kwa makumi ya mamilioni ya dola na kutokulingana kule kunahesabiwa kuwa ushahidi kwamba gari ni halisi.

Kazi hii nusura ife. Kiini chake kilikuwa cha kiufundi zaidi ya cha kifedha: magari yalianza kujengwa bila chesisi la pekee, bodi na fremu zikawa kitu kimoja, wazo ambalo Lancia Lambda ilikuwa imeshalileta miaka ya 1920. Ukishalehemu sakafu, nguzo na paa vikabeba mzigo pamoja, hakuna tena chesisi la kumpelekea fundi alivishe. Karakana moja baada ya nyingine ikafunga, au ikageuka kiwanda cha kuwaundia wengine.

Iliyoirudisha ni kaboni, na mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hiyo ni Horacio Pagani.

Alizaliwa Casilda, Argentina, mwaka 1955. Alipokuwa kijana alichonga magari madogo ya mbao. Alihamia Italia, akapata kazi Lamborghini, akapanda hadi kuongoza kazi ya nyuzi za kaboni, na akaunda Countach Evoluzione, gari la majaribio lenye fremu ya nyuzi za kaboni. Kinachosimuliwa ni kwamba aliiomba kampuni inunue tanuri la shinikizo, otoklevi, ikakataa kwa hoja kwamba hata Ferrari hawana. Akakopa, akanunua lake. Mwaka 1999 aliweka mbele ya watu Geneva gari lake la kwanza, Zonda C12, likiwa na injini ya Mercedes ya silinda 12 aliyoipata kwa msaada wa Muargentina mwenzake, Juan Manuel Fangio, bingwa wa dunia mara tano, ambaye alifariki mwaka 1995 bila kuliona.

Watu husema kaboni kana kwamba ni plastiki inayomiminwa. Kazi yake iko karibu zaidi na ya mshonaji. Kitambaa cha nyuzi, kila uzi ukiwa mwembamba kuliko unywele kwa mbali, huja kikiwa kimeshalowa resini, nacho hukaa kwenye friza kwa sababu kikikaa nje resini huanza kukauka yenyewe. Kinatolewa, kinakatwa vipande kwa ramani maalumu, kisha fundi anakilaza kwa vidole ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likielekea upande wake kulingana na nguvu inayotarajiwa kupita hapo. Adui ni kona. Kitambaa kikivuka kona bila kuigusa kinaacha kijipango cha hewa nyuma yake, na kijipango hicho ndicho mahali ambapo gari litapasuka siku moja. Kwa hiyo fundi anasukuma kwa kijiti, anapapasa, anasukuma tena. Halafu kila kitu kinafungwa ndani ya mfuko, hewa inanyonywa, na kalibu linaingia otoklevi kwa saa kadhaa kwenye joto na mgandamizo. Kipande kikitoka, umbo lake halibadiliki tena. Bati ukikosea unapiga tena. Kaboni ukikosea unatupa.

Pagani aliongeza juu ya hapo mzigo ambao hakuna sheria ya fizikia inayomlazimisha kuubeba. Bodi zake nyingi hazifichwi kwa rangi, hivyo msuko wa nyuzi unaonekana, na mistari yake lazima ikutane katikati ya gari kama mifupa ya samaki, kuanzia boneti, ipite paa, ifike nyuma, hata pale ambapo vipande vimetoka kwenye kalibu tofauti. Uzi ukihama milimita chache kipande hakifai. Hiyo nayo ni fahari tupu, nakubali, na bado naipenda bila kusita, kwa sababu kinachoonyeshwa ni mwili wenyewe wa gari. Hakuna kilichobandikwa. Ukitaka kuringa kwa nyuzi zako, lazima kwanza uzilaze kwa usahihi.

Usukani wa Pagani Utopia, gari alilolitoa mwaka 2022, nauonea shaka zaidi. Unachongwa kwa mashine kutoka kwenye pande moja zima la aluminiamu, na sehemu kubwa ya pande hilo huishia kuwa vinyuzi sakafuni. Ni kitu kizuri sana kukitazama. Ila hapo mashine imefanya kazi ambayo vipande vitatu na fundi mmoja wangeifanya kwa taka kidogo, na mimi sioni tatizo lililojibiwa.

Kisha kuna magari ya mtu mmoja hasa, yale yanayoundwa mara moja tu. Watu hudhani mwenye pesa anachora gari kwenye karatasi na kiwanda kinatii. Kwa kawaida gari la namna hiyo hukalia juu ya gari lililokwisha kuidhinishwa kutembea barabarani, kwa kuwa majaribio ya kugonganisha, mifuko ya hewa, moshi na taa yangegharimu kuliko gari lenyewe. James Glickenhaus, Mmarekani mwenye Ferrari za mbio za miaka ya 1960, aliwapa Pininfarina, wabunifu wa bodi wa Italia, gari lake la Ferrari Enzo jipya walivue na kulivisha bodi nyingine inayozungumza na Ferrari 330 P4 ya mwaka 1967. Lilitolewa mwaka 2006 Pebble Beach, California, na Ferrari wenyewe wakakubali libebe jina lao: Ferrari P4/5 by Pininfarina. Miaka miwili baadaye Ferrari ilitoa gari la kwanza la kitengo chake cha oda maalumu, na mwaka 2012 Eric Clapton, mpiga gitaa, alipata SP12 EC, Ferrari 458 iliyogeuzwa ifuate sura ya 512 BB aliyoipenda.

P4/5 naiona bora kuliko zote za kundi hili. Glickenhaus alikuwa na gari la zamani gereji kwake, aliliendesha, alijua kioo chake cha mbele kinapinda hivyo kwa nini. Alipoomba umbo lile aliomba kitu alichokielewa. Mteja wa namna hiyo ni nusu ya ufundi. Fundi mzuri akipata mteja asiyejua anachotaka humaliza na gari lenye kila kitu.

Nina hofu moja kuhusu magari mapya ya aina hii, nayo ni skrini. Bati la mwaka 1937 bado linang'aa, ngozi ya mwaka huo ukiitunza bado inakalika, lakini skrini ya miaka kumi na tano iliyopita inaonekana nzee kuliko vyote hivyo, na siku programu yake ikikataa kuwaka hakuna nyundo ya kuirudisha. Ndiyo maana nilifurahi sana Bugatti Tourbillon ilipotoka mwaka 2024 ikiwa na vipimo vya mishale vilivyotengenezwa na mafundi wa saa wa Uswisi, vyenye vipande zaidi ya 600, gia zake zikiwa wazi nyuma ya usukani. Skrini ipo, imefichwa, inajitokeza ikiitwa. Vipimo vile vitarekebishika na mtu mwenye lenzi na bisibisi miaka mia ijayo.

Rafiki zangu huniuliza ningeagiza nini kama ningekuwa na uwezo huo. Nimeshaamua zamani. Gari dogo la viti viwili, bodi ya aluminiamu iliyopigwa kwa mkono, injini mbele, gia za kubadilisha mwenyewe, vipimo vitano vya mishale, taa za duara ambazo balbu yake inapatikana popote. Nje lipigwe rangi moja, kijani iliyokolea, bila mstari wowote. Kwa ndani, chini ya boneti na nyuma ya milango, ningemwomba fundi asipake rangi wala asisawazishe. Aache bati lilivyo, na alama za nyundo zake zote, na aandike kwa kalamu ya risasi tarehe aliyoanza kila kipande na tarehe aliyokimaliza, ili fundi atakayelifungua kulitengeneza baada yangu ajue kazi ilikwendaje na aanzie wapi.